Kipaka ananikojolea kapu la nguo na karai la mchanga lipo. Nakosea wapi?

BintiTabata · Jumamosi, saa 3 usiku

Wakuu salaam. Nina kipaka jike wa wiki saba hivi, anaitwa Dagaa (ndicho alichokula siku ya kwanza, jina likabaki). Nakaa ghorofa ya tatu, chumba na sebule, hakuna udongo wala bustani, kwa hiyo mambo ya kutoka nje kujisaidia hayapo. Nimemwekea karai la plastiki chooni, nikamwomba fundi anayejenga jirani anigawie mchanga, nikalijaza vizuri.

Wiki mbili sasa. Anaingia, ananusa, anakanyagakanyaga, anatoka. Halafu nikienda kufua nakuta kapu la nguo chafu limelowa. Juzi alikojolea gauni la sendofu ya mdogo wangu, nimelichukua kwa fundi siku hiyohiyo. Nikakaa chini nikacheka, maana kulia nilishalia. Kinyesi anaweka nyuma ya kochi, kona ileile kila siku, na akimaliza anakwangua kapeti kama vile anafukia. Kwa hiyo akili anayo, mchanga tu ndio hautaki.

Nilishambeba nikamtumbukiza kwenye karai kwa nguvu, akanichana mkono. Dada ninayeishi naye kasema ikifika mwisho wa mwezi nichague paka au yeye. Naombeni msaada, ila wa "mtupe sokoni" apite kushoto.

Kigingi · saa 3:20

Sokoni umekataa, basi mpeleke feri. Dagaa wenzake wako huko.

ChumaChaReli · saa 3:41

Unambembeleza sana dada. Sisi nyumbani paka akichafua ndani mzee anamkamata shingo, anamsugua pua kwenye uchafu wake, kibao kimoja, nje. Siku ya tatu kashaelewa. Mnyama haelewi hotuba.

MifugoMstaafu · saa 4:05

Chuma, huyo paka wa mzee alielewa jambo moja tu: mzee akiwa karibu, usijisaidie. Na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, akaenda kumalizia shambani, mzee akajipa sifa za ualimu. Huyu wa ghorofani shamba hana. Mpige leo, kesho atakunya uvunguni mwa kitanda ambako mkono haufiki, na wewe utapata habari kwa pua baada ya wiki. Paka hawezi kuunganisha kibao cha sasa na mkojo wa dakika kumi zilizopita.

BintiTabata, kabla sijatoa ushauri nijibu haya. Mlango wa choo huwa wazi mchana na usiku? Mchanga umejaa hadi wapi, na ukingo wa karai una urefu gani? Unazoa mara ngapi? Chakula chake unakiweka wapi? Na huyo paka alizaliwa wapi, juu ya kitu gani?

Kigingi · saa 4:09

Hilo la mwisho vipi mzee, unataka na cheti cha kuzaliwa?

BintiTabata · saa 4:30

Najibu nikiwa na aibu kidogo. Mlango, usiku dada anaufunga kwa sababu ya mende. Mchanga nilijaza karibu na mdomo wa karai, nikijua mwingi ndio mzuri. Ukingo unapita shubiri moja. Nazoa kila Jumapili. Chakula kiko hukohuko chooni pembeni ya karai, niliona mambo yake yote yakae sehemu moja.

Kuzaliwa: nilimpata kwa fundi cherehani wangu. Mama yao alizalia chini ya meza ya kukatia, kwenye lundo la vipande vya vitambaa. Watoto walikaa humohumo mpaka nilipomchukua, alikuwa na wiki tano.

MifugoMstaafu · saa 4:58

Basi nimekupata. Jibu liko kwa fundi cherehani.

Kipaka mchanga hawezi kujisaidia mwenyewe. Kwa wiki tatu hivi za mwanzo mama ndiye humlamba tumboni na chini ya mkia mpaka mkojo na choo vitoke, na vikitoka anavilamba. Ndiyo maana lundo la fundi halikunuka. (Ukiokota kipaka yatima wa siku chache unaifanya wewe kazi hiyo kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kila baada ya kunyonya. Wengi hawajui, kipaka anakufa tumbo limejaa wakidhani kalogwa.) Kuanzia wiki ya tatu au ya nne anaanza kwenda mwenyewe, na hapo ndipo nyayo zake zinapozoea: anachokanyaga wakati huo akijisaidia, hicho ndicho anakijua kuwa choo. Wenzake wa shambani wanakanyaga udongo. Dagaa alikanyaga kitenge, satini na bitana.

Sasa jiweke kwenye nafasi yake. Amefika kwako, amekuta kapu kubwa limejaa vitambaa laini vyenye harufu nzuri ya jasho. Anakushukuru kwa kumwandalia choo cha kifahari. Pembeni anaona karai la kokoto lenye ukuta mrefu kuliko yeye, linanuka la wiki nzima, limekaa mezani pake pa chakula, na usiku limefungiwa. Hajui ni la nini.

Kukwangua kapeti kunakuonyesha kwamba kufukia hakumsumbui. Hilo ni la ukoo, paka wote wa majumbani wametokana na paka-mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu mwenye kuchimba. Kufukia hafundishwi. Unachomfundisha wewe ni mahali tu.

Fanya hivi. Karai la sasa lifanye la kufulia. Tafuta dumu la lita 20 la mafuta, lioshe, lilaze ubavu, ulikate kwa urefu ubaki na kama mtumbwi. Upande mmoja ushushe hadi vidole vinne ili aingie bila kupanda, na makali uyapitishe moto au uyabandike utepe wa gundi. Ndani tia mchanga uliochekechwa au maranda, vidole viwili kwenda juu, usizidishe. Juu yake tandika kipande cha tisheti kuukuu na ukipake kidogo ya mkojo wake kutoka kwenye kapu. Ndiyo, umenisoma vizuri. Lipeleke nyuma ya kochi, palepale anapokunya. Unamfuata yeye kwanza, kuhama mtahama baadaye. Chakula kibaki mbali.

Akianza kutumia kitambaa kilichomo, kila baada ya siku moja au mbili kikate kipungue, mchanga uongezeke. Mpaka abakize leso, kisha kiraka, kisha mchanga mtupu. Kapu la nguo litundike juu au litie mfuniko, hilo lisisubiri kesho.

MamaMapacha · Jumapili, saa 1 asubuhi

Nipo siti ya mbele na daftari. Niongezee la kufua. Paka wangu alipokojoa kwenye godoro nilivimwagia jiki vyote viwili, yaani godoro na mkeka wake. Tulikohoa nyumba nzima mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna pilipili inakaangwa.

MifugoMstaafu · saa 2:15

MamaMapacha, usirudie. Mkojo una amonia ndani yake, na amonia ikikutana na klorini ya jiki inatoa hewa ya sumu. Ndiyo hiyo pilipili yenu. Kausha kwanza kwa kitambaa kwa kubonyeza bila kusugua, pitisha maji baridi, halafu siki nyeupe iliyochanganywa na maji, acha robo saa, ndipo sabuni ya unga na jua. Na zile dawa za kuua vijidudu ambazo ukizitia kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa, ziwe mbali na choo cha paka. Nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja, na yeye anazilamba kutoka miguuni. Choo cha paka ni maji ya moto na sabuni ya kawaida, basi.

Harufu ikibaki, hata wewe usipoisikia, yeye anaisikia na ataona bado pana kibao cha "choo hapa".

Bi Mkubwa wa Vuga · saa 3:50 asubuhi

Asalaam alaykum. Mimi Unguja nimefuga paka toka nikiwa msichana, na huku mchanga si wa kuomba kwa fundi, unashuka pwani na ndoo yako. Lakini nawapa siri: mchanga wa pwani uoshwe maji matamu mara mbili uanikwe, ule uliotoka baharini una chumvi na unakaa na unyevu, paka hapendi miguu ya majimaji na sisimizi nao wanaujia.

Na jengine, maana najua kuna watu wanasoma kimya kimya wana wasiwasi na mswala. Paka mwenyewe si najisi. Ipo hadithi mashuhuri ya Abu Qatada, aliinamisha chombo cha udhu paka akanywa, akasema kamsikia Mtume (s.a.w.) kuwa paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Mate yake na manyoya yasikushughulishe. Mkojo wake na choo ndivyo najisi, kwa hivyo pakipatwa pasafishwe mpaka iondoke, na mswala ukishasaliwa ukunjwe. Nguo iliyotandikwa chini, kwa paka aliyezaliwa kama huyo wa bibie, ni kumkaribisha.

MzeeMaranda · saa 5:10

Jina langu mnaliona. Mchanga uzito wake kupandisha ghorofa ya tatu mnaujua wenyewe. Nenda kwa seremala, gunia la maranda bei yake haifiki chipsi mayai mbili, na kuna wanaokupa bure ukiwafagilia. Chukua yale makubwa ya randa, yaliyojikunja. Unga wa msumeno uache, unapaa unaingia puani mwa paka na kwenye ugali wenu. Na uliza kwanza: yasiwe ya mbao zilizopakwa dawa ya mchwa. Mkojo yananyonya vizuri, ila kinyesi uzoe mapema maana hayafuniki kama mchanga.

ChumaChaReli · saa 5:30

Haya mambo ya wazungu bwana. Bibi yangu alimwekea paka majivu ya jikoni kwenye sinia bovu, yameisha.

Msomaji Mvivu · saa 6:02 mchana

Chuma, utacheka. Hao wazungu nao walikuwa wanatumia majivu na mchanga kama bibi yako. Mwaka 1947 huko Michigan, Marekani, jirani mmoja alikwenda kwa kijana anaitwa Ed Lowe kuomba mchanga, kwa kuwa wake uliganda na baridi na majivu yalikuwa yanamjazia nyayo nyeusi za paka nyumba nzima. Lowe alikuwa na udongo mkavu wa chengachenga, wa kunyonyea mafuta yaliyomwagika karakana. Akampa huo. Jirani akarudi kuomba tena, jamaa akautia kwenye mifuko akaanza kuuza, akawa tajiri. Biashara yote hiyo imeanzia kwenye nyayo za majivu. Bibi yako alikosa mtaji tu.

MtuWaUmoja · saa 8:15 mchana

Mimi niko Nairobi, na sisi huku tunanunua ule mchanga wa paka wa supamaketi, ule ukikojolewa unashikana kuwa donge. Ni rahisi kutoa, keateka wa ploti hajawahi kulalamika. Lakini kwa kitoto kama Dagaa ningengoja. Wangu alikuwa wa miezi miwili, akaanza kuutafuna kama karanga, nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Akaniambia ule udongo unavimba ukipata maji, na tumbo la mtoto ni dogo. Akasema nitumie usioshikana mpaka akue aache kuonjaonja kila kitu. Kwa hivyo maranda au mchanga wa kawaida si umaskini, kwa umri wake ndio bora.

BintiTabata · Jumanne, saa 2 usiku

Mrejesho. Dumu nimekata kwa kisu cha moto, linafanana na mtumbwi kweli. Tisheti ya kampeni ya mwaka fulani ndiyo imetandikwa, chama sitaji. Siku ya kwanza alilala ndani yake. Nikakata tamaa. Usiku wa manane nikasikia kwaruu kwaruu, nikawasha tochi ya simu, KANYA NDANI YA DUMU. Nilipiga makofi akakimbia, nisamehewe.

Tangu hapo mara nne ndani, mara moja kwenye kapeti. Nifanyeje ili nisikose?

MifugoMstaafu · saa 3:00 usiku

Usiwashe tochi na usipige makofi, choo ni faragha hata kwa paka. Mwangalie saa zake: akiamka, akimaliza kula (mpe dakika kumi hadi ishirini), na baada ya kucheza sana. Mbebe taratibu umweke, ukwangue kwa kidole mara mbili asikie mlio, halafu geuka utazame pengine. Usimshike miguu kumlazimisha. Akitoka bila kitu mwache.

Mkitoka, mfungie sebuleni na dumu lake, asiwe na nyumba nzima. Sasa zoa asubuhi na jioni. Upawa wa matundu wa kuokotea maandazi unafaa, ila baada ya hapo usirudi jikoni.

BabaKijacho · saa 3:25 usiku

Samahani nadandia uzi. Mke wangu ana mimba ya miezi minne na mama mkwe amesema paka atoke leo, mkojo wake unaharibu mimba. Kweli?

MifugoMstaafu · saa 4:10 usiku

Mama mkwe ana chembe ya ukweli, ila si kwenye mkojo. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplazma, kinapita kwenye kinyesi. Paka anakipata kwa kula panya au nyama mbichi, halafu anatoa mayai yake kwa wiki moja hadi tatu hivi, kwa kawaida mara hiyo ya kwanza anapoambukizwa. Mayai yakitoka hayaambukizi papo hapo, yanahitaji kati ya siku moja na tano. Kwa hiyo choo kikizolewa kila siku, na anayezoa ukawa wewe badala ya mama mjamzito, umeshafunga mlango mkubwa. Yeye akigusa udongo wa bustani avae glavu. Na msisahau njia nyingine ya ugonjwa huohuo: mishkaki isiyoiva na kachumbari isiyooshwa. Kliniki mwambieni muuguzi kwamba mna paka.

BabaKijacho · saa 4:14

Kwa hiyo kazi ya kuzoa ni yangu miezi mitano. Mama mkwe ameshinda kwa njia nyingine.

BintiTabata · Ijumaa, saa 12 jioni

Wakuu tumerudi nyuma. Leo kaharisha kwenye kochi, kwenye mlango na kwenye kandambili ya dada. Alikuwa anakwenda vizuri mno!

MifugoMstaafu · saa 12:40

Amekula nini kipya?

BintiTabata · saa 1:15 usiku

Nimechunguza. Dada, yule wa "paka au mimi", kakiri kwamba jana alimpa kikombe cha maziwa fresh na kakimaliza chote. Anasema alikuwa anasuluhisha.

MifugoMstaafu · saa 1:30

Mwambie suluhu imepokelewa ila ibadilishe chombo. Paka akishaanza kuacha kunyonya, tumbo lake linapoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, na maziwa ya ng'ombe humharisha. Kuharisha kunamkamata ghafla, hawezi kufika dumuni, hilo usilihesabu kama kosa lake. Maji safi, dagaa waliochemshwa bila chumvi. Wa umri huo akiharisha zaidi ya siku moja, au akalegea akakataa kula, apelekwe kwa daktari, maana anakaukiwa maji haraka. Na dawa ya minyoo umempa?

BintiTabata · saa 1:33

Kuna dawa ya minyoo ya paka??

Kigingi · Jumapili, saa 5 usiku

Wakuu utani pembeni. Nina dume la miaka miwili. Kumbe na mimi nafuga, sikusema. Toka asubuhi anaingia kwenye beseni lake, anachuchumaa, analia, mkojo hautoki. Anajilamba huko nyuma muda wote. Nikadhani kavimbiwa choo. Nimpe mafuta ya kula?

MifugoMstaafu · saa 5:06 usiku

Kigingi acha kusoma. Mbebe usiku huu huu. Dume anayechuchumaa bila tone ni mrija wa mkojo umeziba, na akiachwa siku moja mbili sumu inarudi kwenye damu anakufa. Usimpe mafuta, usimminye tumbo. Mpigie daktari wa wanyama yeyote unayemjua, umwambie neno "ameziba".

MamaMapacha · Jumatatu, saa 12:30 asubuhi

Kigingi vipi huko? Sikulala.

Kigingi · saa 4 asubuhi

Tumefika saa saba usiku kwa bodaboda, paka ndani ya begi la kompyuta. Alikuwa ameziba kweli. Kawekewa mrija, mkojo umetoka mwekundu kama juisi ya rozela. Yuko hai, kafungwa pale siku tatu. Daktari anasema ningengoja asubuhi ningekuja na boksi. Mzee Mifugo sina la kusema. Na ile ya feri naiondoa.

Bi Mkubwa wa Vuga · saa 4:20

Alhamdulillah. Iwache ile ya feri, ilichekesha.

BintiTabata · siku 12 baadaye

Nimerudi. Tisheti iliisha juzi, kilibaki kiraka cha ukubwa wa kiberiti, jana nikakitoa. Maranda matupu, na Dagaa hata hakugundua. Dumu nimelisogeza kidogo kidogo kila siku, limetoka nyuma ya kochi limefika kwenye kona ya balkoni ndani ya mlango, hapo ndipo kwake. Chooni sikumrudisha. Dawa ya minyoo kapata, nilichokiona siwezi kukiandika hapa watu wanakula.

Kosa limetokea mara moja: nilisahau kuzoa tangu asubuhi, usiku akanya pembeni ya dumu, sentimita mbili. Nimelipokea kama barua rasmi.

Sasa tatizo ni jingine. Nikimimina maranda mapya hangoji nimalize. Anaingia chini ya mkono wangu, anachimba, anajisaidia hapohapo akinitazama usoni. Dada amempiga picha kaweka kwenye hali ya WhatsApp.

MifugoMstaafu · saa 2 usiku

Vizuri sana. Akifika miezi mitano sita mfikirie kumfunga uzazi, hasa ghorofani. Na ukiongeza paka wa pili ongeza madumu, hesabu yake ni idadi ya paka jumlisha moja.

MzeeMaranda · saa 2:10

Jumlisha moja. Gunia zipo.

ChumaChaReli · saa 3:47 usiku

Wakuu, nauliza kwa niaba ya rafiki. Paka wake mkubwa ameanza kunya kwenye chungu cha maua cha mke wake, maua yenyewe ya gharama. Kibao kimeshindikana. Nifungue uzi mpya au niulize hapahapa?

Kigingi · saa 3:49

Uliza hapahapa. Kwanza huyo rafiki, paka wake alizaliwa wapi, juu ya kitu gani?